Bei ya korosho haina chama

Uchaguzi mkuu wetu una tabia moja ambayo mtu wa Kariakoo anaweza kuishi miaka sitini asiigundue: huangukia katikati ya msimu wa korosho. Tarehe 31 Oktoba 2010. Tarehe 25 Oktoba 2015. Tarehe 28 Oktoba 2020. Tarehe 29 Oktoba 2025. Kwa wengine hizo ni siku za kupiga kura tu. Kwa mtu wa Tandahimba, Newala, Nachingwea au Liwale, huku Kusini kwenye mikoa ya Mtwara na Lindi, hizo ni siku ambazo gunia lake liko ghalani, minada imeanza, na pesa ama imeingia benki ama haijaingia. Mkono unaotumbukiza karatasi kwenye sanduku bado unanukia mabibo.

Oktoba 2025, wiki mbili hivi kabla ya kura, nilishinda kwenye banda la AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika, juu ya uwanda wa Makonde, nimemsindikiza mjomba wangu aliyekuwa anapeleka magunia manne. Mizani ilikuwa moja na foleni ndefu. Kila gunia lilimwagwa kwanza kwenye turubai, karani akapekua kama kuna mawe au korosho mbichi, ndipo lijazwe upya na kupimwa. Kijana mmoja wa bodaboda, fulana yake ya chama bado ina mikunjo ya kutoka kwenye mfuko, alikuwa anawatania akina mama waliokaa kivulini.

"Bibi, tarehe ishirini na tisa unampa nani?"

Bibi aliyeulizwa alikuwa amekalia gunia lake. Hakuinua hata macho.

"Mnada ni Ijumaa, mjukuu wangu. Niulize Jumamosi."

Banda zima likacheka, na mimi nikacheka. Lakini njiani kurudi nililitafuna jibu lile, na kadiri nilivyolitafuna ndivyo ladha yake ilivyozidi kuwa chungu. Bibi hakuwa anatania. Huku Kusini ndivyo tunavyoamua. Bei ikiwa nzuri, waliopo madarakani ni watu wema. Bei ikianguka, ni wezi. Chama tunakipima kwa mizani ileile inayopima korosho, tena katika wiki moja ya mnada.

Shida ni kwamba bei ya korosho haina chama. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na huko ndiko bei inakozaliwa. Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000, rekodi ya wakati ule, na kilo ikauzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000. Watu walinunua pikipiki, wakaezeka bati, na wapo waliooa mke wa pili (wengine wanajuta hadi leo, lakini hiyo ni makala nyingine). Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, wanunuzi walikuja na bei ambayo wakulima waliikataa mnadani. Kati ya misimu hiyo miwili chama tawala kilikuwa kilekile, rais yuleyule, wabunge walewale. Kilichobadilika kilikuwa ng'ambo ya bahari.

Kilichofuata kila mtu anakikumbuka. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia vijijini. Siku ile watu walishangilia barabarani. Halafu ukaja uhakiki: una shamba ekari ngapi, mikorosho mingapi, wewe ni mkulima au ni kangomba, mchuuzi wa magendo? Malipo yakavuta miguu hadi mwaka wa pili. Ukikaa kwenye kijiwe chochote kutoka Masasi mpaka Kilwa Masoko na kusema "mwaka wa jeshi", hakuna atakayekuuliza unamaanisha nini.

Sasa waulize watu wale wale kuhusu Juni ya mwaka huohuo, 2018. Utapata kimya.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo hoja yangu ilipolala. Korosho ghafi inayotoka nje ya nchi hulipiwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi kikubwa. Anayelipa ni msafirishaji, lakini msafirishaji si mjinga: anapopanga bei ya mnadani keshaukata kichwani. Kwa hiyo ni pesa ya mkulima inayopita mlango wa nyuma. Sheria ilisema asilimia 65 ya ushuru huo irudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, utafiti, miche, ubanguaji. Juni 2018, kwenye bajeti, sheria ikabadilishwa na pesa yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali.

Tufanye hesabu ya kalamu na kiganja. Dola 160 kwa tani, kwa thamani ya dola ya wakati ule, ilikuwa kama shilingi 360 kwa kilo, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Gunia la kilo 80 linabeba shilingi 28,800. Asilimia 65 yake ni karibu shilingi 19,000. Kwa magunia manne ya mjomba, ni kama shilingi 75,000 zilizokuwa na haki ya kisheria ya kurudi shambani kwa sura ya miche na salfa ya kupulizia mikorosho, na zikaacha kuwa na haki hiyo. Hapakuwa na mnada wala foleni. Hakuna mtu aliyekalia gunia akasema niulize Jumamosi. Ilikuwa kura ya ndani ya ukumbi, Dodoma.

Wabunge wa Kusini walipiga kelele, na tuwape haki yao. Walipiga kelele wa CUF na walipiga kelele wa CCM. Miongoni mwao alikuwa Hawa Ghasia, mbunge wa Mtwara Vijijini, waziri wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Bajeti. Si mtu wa pembeni. Hata hivyo bajeti ikapita, kwa sababu Bunge halipigi kura kwa kanda wala kwa zao. Linapiga kura kwa chama.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2020, CCM ilizoa karibu kila jimbo Tanzania Bara. Moja ya machache mno yaliyoponyoka lilikuwa Mtwara Vijijini, alikoshinda Shamsia Mtamba wa CUF dhidi ya Hawa Ghasia. Sidai kwamba wapiga kura walimwadhibu mama yule kwa sababu alitetea korosho. Jimbo lina mambo yake mengi, na mtu akikaa bungeni muda mrefu huchokwa hata kama anafanya miujiza. Ninachosema ni kwamba msimamo wake wa Juni 2018, ambao ulikuwa wa hatari kwake ndani ya chama chake, haukuingia kwenye mizani ya Oktoba kwa uzito wowote unaoonekana. Na waliopiga makofi alipozimwa, wale wa majimbo mengine wasiojua hata ua la mkorosho lina rangi gani, hawakuulizwa chochote na mtu yeyote wa Kusini, maana hawapigiwi kura huku.

Hapo ndipo ninapogombana na msemo unaopendwa sana kwetu: "Mimi naangalia mtu, siangalii chama." Unasemwa kwa majivuno kidogo, kama ushahidi kwamba msemaji hadanganyiki na kofia wala kanga. Ninauelewa. Ukoo wetu umejengwa juu ya watu, na mgombea kwanza ni mtoto wa fulani, mjomba wake ni nani, alizikaje msiba wa jirani. Lakini kwa mfumo tulio nao, kuangalia mtu bila chama ni kuangalia kasia bila mtumbwi.

Kwanza, Katiba yenyewe haikubali. Ibara ya 67 inataka mbunge awe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki, ikiwa ni kesi ambayo Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania miaka na miaka. Hadi leo mgombea binafsi hayupo kwenye karatasi yetu. Mbunge akikiacha chama, anakiacha na kiti. Kwa hiyo huyo "mtu" wako anaingia bungeni amefungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili ya kamba ameishika mtu usiyemjua.

Pili, watu wetu wenyewe wametuonyesha kwamba fulana hubadilishwa. Liwale ilimpeleka Zuberi Kuchauka bungeni mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF; mwaka 2018 akahamia CCM, uchaguzi ukarudiwa Oktoba, akarudi yeye yule. Ndanda ilimchagua Cecil Mwambe wa CHADEMA mwaka 2015, na mwaka 2020 ikamchagua Cecil Mwambe wa CCM. Aliyesema anaangalia mtu atasema, si unaona? Mtu ni yuleyule! Ndiyo. Lakini siku ya kura ya bajeti mtu yuleyule sasa anakaa upande mwingine wa ukumbi, na ukimuuliza mpiga kura wa Liwale ni nini hasa kilibadilika kwenye sera ya korosho kati ya fulana ya kwanza na ya pili, atakutajia jina la mbunge tena.

Upande wa Kilwa hadithi ilikuwa ya majini zaidi. Machi 2019 Maalim Seif, kiongozi mkongwe wa CUF, alipoihama CUF na kuingia ACT-Wazalendo, wito ulikuwa "shusha tanga, pandisha tanga". Kwa watu wa pwani wito huo hauhitaji mkalimani, na Selemani Bungara, yule Bwege wa Kilwa Kusini aliyekuwa akiwachekesha wabunge na kuwachoma kwa pumzi moja, naye akalipandisha tanga jipya. Sina ugomvi na wahamao. Baharini, hata hivyo, nahodha akibadilisha tanga, abiria huuliza: tunakwenda bandari ileile?

Watu watanikumbusha mwaka 2015, na wana haki. Mwaka ule Kusini ilipiga kura ya chama, tena kwa kishindo. Nusu ya majimbo manane ya Lindi yalikwenda CUF, na Mtwara upinzani ukachukua Mtwara Mjini, Tandahimba na Ndanda. Nyuma yake kulikuwa na gesi: maandamano ya Desemba 2012, mabango ya "Gesi haitoki", vurugu za Mei 2013 siku ya bajeti ya nishati, moto, risasi, makaburi. Kulikuwa pia na Liwale ya Aprili 2013, nyumba za viongozi zilipochomwa kwa ugomvi wa malipo ya korosho. Na gesi ikatoka. Bomba la kilomita zaidi ya 500 kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, wiki chache kabla ya watu kupanga foleni ya kura.

Ile ilikuwa kura ya hasira, na hasira inajua vizuri sana nani wa kuadhibu. Haijui vizuri nani wa kutuma. Wabunge saba walikwenda Dodoma na ndani ya miaka mitano chama kilichowabeba wengi wao kikagawanyika katikati, baadhi wakahama, na yaliyobaki yakasombwa mwaka 2020. Mpaka leo sijawahi kukutana na mtu wa Mtwara Mjini aliyeweza kuniambia CUF ilikuwa na sera gani ya gesi, zaidi ya kwamba haikuwa CCM.

Kuna na hesabu nyingine tunayopenda, ya mtoto wa kwetu. Tulikuwa na Benjamin Mkapa wa Lupaso, rais kwa miaka kumi. Tulikuwa na Kassim Majaliwa wa Ruangwa, waziri mkuu kwa miaka kumi. Si kwamba haikuleta kitu: aliyewahi kulala Ndundu akisubiri kivuko cha Rufiji wakati wa masika anajua kwa nini daraja lile la mwaka 2003 linaitwa la Mkapa, na hatalibeza. Lakini barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210 zinazopita katikati kabisa ya nchi ya korosho, imeahidiwa na kujengwa kipande kwa kipande kupita chaguzi kadhaa, huku watoto wa kwetu wakiwa wamekaa viti vya juu. Viwanda vingi vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vimegeuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Undugu hufungua mlango wa ofisi. Kifungu cha sheria ya fedha ni jambo jingine.

Sasa nifike kwenye pingamizi zito, ambalo mjomba alinitupia usiku wa siku ile ya foleni, tukila ugali wa muhogo. "Baba, wewe unasema tuchague chama kwa sera. Chama kipi? Nionyeshe hapo kwenye karatasi."

Sikuwa na jibu la haraka na bado sina. CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya 2025. Ilikataa kusaini kanuni za maadili mwezi Aprili ikidai mabadiliko kwanza, ikafungiwa nje, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Siku ya kura na zilizofuata kulikuwa na maandamano na vifo katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, na Tume ikatangaza ushindi wa asilimia 97.66. Kumhubiria mtu ulinganifu wa sera katika hali hiyo ni sawa na kumfundisha kuchagua samaki kwenye soko lenye meza moja. Anayesema mpiga kura wa Kusini ndiye mwenye kosa lote anaonea.

Ila meza moja nayo ina upande wa nyuma. Katika majimbo mengi ya huku, kiti kiliamuliwa kwenye kura za maoni za CCM za Agosti 2025, kabla bango moja la kampeni halijabandikwa. Tangu 2020 nchi nzima inacheka kwamba wajumbe, wale wanachama wanaopiga kura hizo, si watu wazuri: wanakula kwa huyu, wanampa yule. Kicheko hicho kimetufanya tusahau kwamba wajumbe ni majirani zetu, wana mikorosho, wanapima kwenye mizani ileile. Nimekaa na wawili walioshiriki. Niliwauliza swali gani waliwauliza watia nia. Mmoja alisema aliuliza kuhusu zahanati. Mwingine alicheka, akasema yeye aliulizwa, hakuuliza. Kuhusu ushuru wa korosho, kuhusu asilimia ngapi irudi shambani na iandikwe wapi ili isifutwe tena kwa mstari mmoja wa muswada, hakuna aliyeuliza. Na vyama vilivyobaki kwenye karatasi, vile ambavyo wengi wetu hata nembo zake tulizionea kituoni, navyo havikuulizwa.

Miaka ya karibuni salfa imekuwa ikigawiwa kwa ruzuku, na Oktoba 2024 minada ilifunguliwa kwa bei iliyopita tena shilingi 4,000. Nani alirudisha nini, kwa sheria ipi, kwa muda gani? Haya ni mambo ambayo bibi yule wa gunia angeweza kuyajua vizuri kuliko mimi, kwa sababu anajua makato ya AMCOS yake hadi shilingi ya mwisho, anajua asilimia 3 ya halmashauri, anajua karani gani mkono wake mzito. Akili ya hesabu anayo. Hajawahi kupelekewa hesabu yenyewe wakati inapopigwa.

Na wakati wenyewe, kama kwa makusudi, ndio mbaya kuliko yote. Juni 2025, siku ya hotuba ya bajeti, nilimpigia simu mjomba mchana nimwambie afungue redio. Iliita mara tatu ndipo akapokea, na nyuma yake nilisikia ngurumo kama ya pikipiki iliyokwama kwenye matope.

"Shikamoo mjomba. Uko wapi? Waziri anasoma bajeti."

"Nani?"

"Waziri! Bajeti!"

"Sisikii, baba. Tunapuliza salfa, mota inawaka. Nipigie usiku."

Nilimpigia usiku. Alikuwa ameshalala.